Mto Hauna Chumvi

Jirani yangu wa nyuma anapika lotoko. Sihitaji kuchungulia juu ya ukuta wa mabati ili nijue. Harufu hunifikia kabla sijawasha moto wa mikate yangu ya kukaanga: kwanza ya mahindi na muhogo vilivyochacha, halafu ile ya pili, kali, ya mvuke unaopita kwenye bomba na kudondoka ndani ya chupa. Huku Mangobo, mtaa wetu wa Kisangani, kila mtu ana harufu inayomrudisha kwao. Kuna wa samaki wa moshi, kuna wa mawese yanayochemka. Yangu ni hiyo ya lotoko. Ikipita puani naona kikombe cha bati chenye ua la bluu ubavuni, naona mikono inayotetemeka, na nasikia sauti ya mdogo wangu wa mwisho ikisema jambo ambalo hakuna mkubwa aliyelisikiliza.

Juzi mke wa jirani huyo alikuja kununua mikate, akaipokea, kisha akabaki amesimama. Mimi nakaanga, yeye anatazama mafuta. Mwishowe akaniambia kwamba mumewe anatetemeka kila akiamka, na kwamba shemeji zake wameamua kumfungia chumbani bila tone la pombe mpaka pepo amtoke.

"Ni vizuri, Yaya, si ndiyo?" akaniuliza. Yaya ni dada mkubwa, na mtaa mzima huniita hivyo.

Niliipua karai, nikafunika donge la unga, nikamwambia tufuatane mpaka kituo cha afya. Wateja walinung'unika. Wacha wanung'unike. Kuna mambo niliyoyajua kabla sijajua kusuka nywele zangu mwenyewe, na nisingeyajua kama si Tonton Lofemba.

Kwa upande wa mama sisi ni watu wa Yanonge, watoto wa mto. Kwa upande wa baba ni watu wa Yahuma, wakulima, wanaoutazama mto kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani. Wazazi wetu waliishi katikati. Walishusha chumvi na sabuni kwa boti mpaka Yanonge, wakapandisha samaki wa moshi mpaka Kisangani. Siku boti yao ya mbao ilipopinduka, alikuwamo pia mdogo wake mama, Lofemba. Shuleni walitufundisha kusema mjomba. Nyumbani tulimwita Tonton. Baba na mama hawakutoka majini. Tonton alitoka akiwa amekumbatia bidoni, dumu tupu la njano, na wavuvi waliomwokota walilazimika kumbandua vidole kimoja kimoja ili aiachie.

Matanga nayakumbuka kwa pua kuliko kwa macho. Moshi, jasho la watu, mafuta ya nywele ya wanawake, kisha lotoko. Koko, bibi yetu mzaa mama, alikuwa amemkalisha Tonton karibu na moto na kumfunika blanketi ingawa jua lilikuwa linachoma. Akamshikisha kile kikombe chenye ua la bluu.

"Kunywa, mutoto yangu. Mayi ya moto inafukuza mayi ya baridi. Kunywa, mto utoke mwilini."

Tonton hakuwa mnywaji. Alikunywa, akakohoa, machozi yakamtoka. Koko akamjazia tena, na wazee wa Yanonge wakaitikia kwa vichwa. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya kwetu: aliyetoka majini hupewa cha moto. Na desturi ya pili ni kwamba haulizwi. Haulizwi aliona nini kule, alimshika nani, alimwachia nani. Ukimwuliza, walisema, mto husikia, ukaja kumtafuta. Basi watu walimzunguka Tonton siku zote za matanga, wakamlisha, wakamlilia, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza neno.

Aliyesema mengi ni Papa Mukubwa, kaka yake baba, aliyekuja kutoka Yahuma. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa shamba. Kitu kikianguka, hukigawa kabla hakijaoza.

"Bon," alisema, akisugua magoti yake. "Dieumerci ni mwanaume, atakuja na mie Yahuma, mashamba iko. Neema aende na Koko Yanonge. Huyu mukubwa," akanielekezea kidevu, "iko na nguvu, atapata nyumba ya mutu hapa mjini, atafanya kazi ya ndani."

Nilimshika mdogo wangu Neema mkono, na Neema akamshika kaka yake Dieumerci shati. Tulikaa hivyo kama vyungu vilivyofungwa kamba moja. Ndipo Tonton alipoinua kichwa kutoka ndani ya blanketi.

"Batoto ni ya dada yangu. Batabaki na mie."

"Weye? Na mikono hiyo?"

Kikombe kilikuwa kinagonga meno ya Tonton. "Itapona," akasema.

Papa Mukubwa alikitazama kikombe. "Alors, tutaona. Siku nitasikia umeshindwa, nitakuja na mufuko wa nguo zao."

Tangu hapo nilijua kazi yangu duniani. Nilitakiwa kuhakikisha kwamba mfuko huo hauji.

Tonton alirudia kazi yake ya zamani ya kutengeneza baiskeli, hasa zile za toleka, zinazobeba abiria nyuma kwenye kiti cha sponji. Pikipiki zilikuwa zimekwisha kuwanyang'anya wateja wengi, lakini Mangobo haikukosa tairi la kuziba. Mimi nilivua sare ya shule. Hakuna aliyenilazimisha, na mwalimu alikuja nyumbani kunibembeleza. Nilimpa kiti, nikamsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamwuliza kama angependa mikate. Mmoja akikaanga, wawili wanasoma. Sikuona kitu cha kujadili.

Asubuhi Tonton aliamka na baridi. Ndivyo tulivyoita, baridi ya Tonton. Taya ziligongana, vidole vilikataa kushika spana, na papo hapo jasho lilimtiririka usoni kama amenyeshewa. Nilikuwa nimeona kwenye matanga jinsi kikombe kilivyomtuliza, kwa hiyo nikakifanya kuwa kazi yangu. Lotoko yake ilikaa ndani ya ile bidoni ya njano. Koko alisema bidoni iliyoshinda mto itaipa dawa nguvu. Nilimimina, nikamshikia kikombe mdomoni kwa sababu yeye asingeweza, nikasubiri. Baada ya muda mikono ilitulia. Mabega yalishuka.

"Merci, mama," aliniambia. Aliniita mama, mimi niliyekuwa bado na meno ya kubadilisha.

Katika akili yangu mambo yalikuwa wazi. Kidonge cha malaria hushusha homa, lotoko hushusha baridi ya mto. Na lile jasho ndilo mto wenyewe ukitoka. Nililifuta kwa kitambaa, nikaenda kukikamua mbali na mlango, ng'ambo ya mtaro, ili mto usipate njia ya kurudi ndani. Dieumerci aliwahi kukikamulia karibu na kizingiti nikampiga kofi.

Neema ndiye aliyetuharibia hesabu. Alikuwa mdogo bado, wa kuingiza kila kitu mdomoni. Siku moja nilipokuwa namfuta Tonton, alipitisha kidole kwenye shingo yake, akakilamba, akakunja uso.

"Yaya, iko na chumvi."

"Nini iko na chumvi?"

"Mayi ya Tonton. Mto haina chumvi. Mie nilikunywaka mto kwa Koko, haina chumvi."

"Utakufa!" Dieumerci akapiga kelele kwa furaha. "Umekunywa mto ya Tonton! Sasa na weye utatetemeka!"

Neema akaangua kilio. Nikamwambia asilie, kwamba mto ukipita ndani ya mtu huokota chumvi njiani, kama mvua inavyookota vumbi. Nilijivunia sana jibu hilo. Hata sasa nalikumbuka neno kwa neno, maana lilikuwa jibu la mtu anayetaka sana kuendelea kuamini.

Kikombe kimoja hakikutosha tena. Tonton alianza kuhitaji kingine jua likiwa kichwani, halafu kingine alipokunja vyombo vyake. Magurudumu aliyoyanyoosha yalirudi yamepinda. Dereva mmoja wa toleka alisimama barabarani akapaza sauti ili majirani wote wasikie: "Eh, Tonton! Nilikuletea baiskeli, umenirudishia mucheza rumba! Abiria yangu anashuka na kizunguzungu!" Watu walicheka. Tonton naye alicheka, akaichukua tena. Lakini nilimwona akijaribu kupitisha spoki kwenye tundu lake, akikosa, akikosa, mpaka akaiweka chini polepole kana kwamba ndiyo iliyokuwa na kosa. Baadaye alianza kuongea na ukuta. Alimwita mama yetu kwa jina lake la utotoni, akanyamaza kama mtu anayesubiri kujibiwa.

Katika siku hizo ndipo Mama Zaina alipoanza kugonga mlango. Alikuwa relais, mmoja wa wale wanaojitolea kupita nyumba kwa nyumba kwa niaba ya kituo cha afya. Alivaa kizibao cha kazi juu ya kitenge na mtandio kichwani. Alitoka katika familia za Waislamu wa zamani wa mji, na baba yake alikuwa fundi wa nguo. Mtaa mzima ulimjua kwa mambo ya vyandarua na chanjo. Mimi nilimwona kwa jicho lingine. Mtu anayepita akitazama ndani ya nyumba za watu, akiuliza nani yuko na nani hayuko, angekuwa nani kama si jicho la Papa Mukubwa?

"Hodi humu."

"Wakubwa hawapo."

"Na anayekohoa ndani ni nani, paka?"

"Ni Tonton. Iko na malaria."

Alinusa hewa. "Malaria ya mahindi au ya muhogo?"

Dieumerci alicheka nyuma yangu, nikamkanyaga mguu. Nilisimama mlangoni nimetanua mikono, upande hadi upande, ingawa haikufika. Mama Zaina hakujaribu kupita.

"Usiniogope, mutoto. Mie sio munganga, sio polisi. Mie kazi yangu ni kugonga mulango. Nitagonga tena."

Akagonga tena, na tena. Nikafunga tena, na tena. Kila mara alinunua mikate, akaila palepale akiwa amesimama, akasifia. Na kila mara alipoondoka alisema jambo lilelile: "Mukono yako ikichoka kushika huo mulango, nyumba yangu ni ile ya cherehani barazani."

Mkono wangu haukuchoka. Papa Mukubwa alikuja mwenyewe.

Mabaharia wa mtoni walikuwa wamempelekea habari. Alipita Yanonge akamchukua Koko, wakatokea asubuhi, yeye mbele, na chini ya kwapa amebana mfuko mpana wa plastiki, ule wa mistari ya bluu na nyekundu, umekunjwa vizuri, mtupu. Sikumtazama usoni. Nilitazama mfuko.

Alimkuta Tonton amelala juu ya mkeka, kikombe kando yake. Alinusa, akatafuta, akaiona bidoni. Aliibeba mpaka uani akaimwaga yote ardhini.

"Umemwaga dawa!" Koko akapiga kelele.

"Dawa? Hii ni shetani ya majimaji."

"Mutoto yangu alitoka mtoni! Iko na baridi ya mto!"

"Mama, mutoto yako iko mulevi. Siku ya ibada nampeleka kwenye uwanja wa maombi. Kule wanamufunga, hakuli, hakunywi, mpaka pepo inachoka. Na batoto tunafanya kama tulivyosema."

Walibishana mpaka sauti zikawakauka. Koko alisema mto, Papa Mukubwa alisema pepo. Nilipokuwa nawasikiliza niliona wote wawili wanampenda Tonton, kila mmoja kwa upande wake, na wote wawili walikuwa wamesimama juu ya lile tope la lotoko bila kulitazama.

Siku hiyo Tonton alitetemeka kuliko nilivyowahi kumwona. Hakula. Nilitaka kwenda kumtafutia kikombe; Papa Mukubwa akaketi mlangoni. Siku iliyofuata, jua likiwa katikati, tukiwa tumekaa wote ndani, Tonton aliinuka akatazama sakafu.

"Mayi," akasema.

Sakafu ilikuwa udongo mkavu.

"Mayi inapanda. Batoto! Juu! Juu!"

Alimnyakua Neema akamsimamisha juu ya meza. Akamvuta Dieumerci kwa shati, akamtupa juu. Akanishika mimi kiunoni, mimi niliyekuwa mzito, na mikono ile iliyoshindwa kushika spoki ikaniinua kama unyoya. Tukasimama juu ya meza tumeshikana huku ikiyumba, naye chini ameizuia kwa kifua, kichwa amekirudisha nyuma kama mtu aliyefikwa na maji kidevuni. Alimwita mama. Alimwambia ashike, ashike. Kisha macho yakageuka, mwili ukakakamaa, akaanguka, akaanza kurukaruka sakafuni kama samaki ndani ya mtumbwi.

Papa Mukubwa alipiga magoti akaanza kuomba kwa sauti kubwa. Koko alijitupa chini akiusihi mto kwa Kilokele, lugha ya kwao. Mimi niliruka kutoka mezani, nikapita kati yao, nikatoka mbio.

Mama Zaina alikuwa barazani anashona. Nilifika nikiwa sina pumzi.

"Mto umerudi! Tonton iko anakufa!"

Hakuniuliza mto gani. "Amekunywa lini mara ya mwisho?"

"Papa Mukubwa alimwaga. Jana. Yote."

"Yote?" Aliacha nguo chini ya sindano, akasimamisha toleka iliyokuwa inapita, akamwambia dereva jambo nisilolisikia. Alikuwa yule yule wa rumba. Safari hii hakutania. Aligeuza baiskeli na kukanyaga kwa nguvu, nasi tukamfuata mbio.

Tonton alikuwa ameacha kurukaruka, anakoroma, povu mdomoni. Papa Mukubwa alisimama kwenye mlango ule ule niliokuwa nauziba mimi.

"Mama, hii ni mambo ya familia."

"Ndiyo, papa. Na mie sikuja kubeba familia. Nilikuja na baiskeli ya kubeba mugonjwa."

"Weye ni mutu wa msikiti. Utajua nini ya maombi yetu?"

"Basi ombeni njiani, papa. Mungu hachoki kutembea."

Hakuondoka mlangoni. Ndipo nilipofungua mdomo. Sikuwa nimepanga la kusema. Lilitoka lenyewe, kama mahesabu ya ubaoni yanavyojipanga ghafla mbele ya macho.

"Papa Mukubwa, ni mie nampatiaka kikombe. Kila asubuhi. Akipata, anatulia. Akikosa, anatetemeka. Sasa amekosa toka jana, na mto umekuja. Kama ni mto, kwa nini unangojaka kikombe kikosekane? Na kama ni pepo, kwa nini vilevile?"

"Na iko na chumvi," Neema akasema kutoka juu ya meza. Hakuna aliyemwelewa.

Papa Mukubwa alinitazama kama mtu aliyesikia mbuzi akisoma. Koko alikuwa amekwisha kusimama. Alikuwa mfupi, alimfikia kifuani. Aliweka viganja vyote viwili kwenye tumbo la Papa Mukubwa na kumsukuma.

"Toka hapo. Nilizika mutoto mumoja bila mwili. Huyu sitamuzika na mwili."

Papa Mukubwa akatoka mlangoni.

Walimkalisha Tonton kwenye kiti cha sponji, Mama Zaina akamfunga kwa kitenge kwenye mgongo wa dereva kama mama anavyomfunga mtoto, na sisi tukashika pande zote mbili tukikimbia. Papa Mukubwa alikuja nyuma. Sijui kama alikuwa anaomba.

Muuguzi wa kituo alikuwa mtu mwembamba, wa sauti ya chini. Alimchoma Tonton sindano, akangoja mpaka akalala usingizi wa kweli, kisha akatukalisha kwenye benchi. Alisema mwili wa Tonton umezoea pombe kiasi kwamba kuiondoa kwa ghafla kunaweza kumwua, tena huua watu wengi wanaofungiwa ili wapone. Alisema kule kutetemeka asubuhi, na jasho, na maji aliyoyaona, ni mwili unaolia kwa kukosa ulichozoeshwa. Hali hiyo itashushwa polepole, kwa vidonge, na chakula, na mtu wa kuwa karibu.

"Na mto?" Koko akauliza. Alikuwa anaogopa jibu.

Muuguzi hakumcheka. "Mto upo, mama. Mutu aliyeona ndugu zake wanakufa anatoka na kitu. Lakini hicho hakifukuzwi na lotoko. Kinataka mutu wa kukisikiliza."

Watu wakisikia habari hizi hungoja nijute kwa ajili ya kikombe. Sijuti. Nilimpa nilichokuwa nacho, kwa mikono miwili, kwa wakati wake, na muuguzi aliposema anahitaji mtu wa nyumbani wa kumpa vidonge bila kukosa, wakubwa wote walitazamana, na mimi nikasema, "Mie. Niko na kikombe." Kazi nilikuwa nimekwisha kujifunza. Kilichobadilika ni kilichomo ndani.

Papa Mukubwa hakupingana na muuguzi, lakini hakuachia neno lake pia. Kabla ya kurudi Yahuma aligongomea msumari ukutani mwetu, akautundika ule mfuko.

"Nitarudi na mpunga mupya. Nikimukuta hivi, nitaujaza. Ubaki hapo, muuone."

Tuliuona. Tuliamka tukiuona na kulala tukiuona. Sikuwahi kuufunika.

Mambo hayakwenda kama wimbo. Mikono ilitulia, lakini Tonton alikuwa na siku za kukaa anatazama ukuta bila kumjibu mtu. Mara moja alirudi nyumbani ananuka. Mwanamke mmoja wa mtaani anayepika lotoko alikuwa amempa bure, kwa huruma. Nilidhani ndiyo mwisho, nikakaa chini ya ule mfuko nikalia. Mama Zaina alipofika hakumkemea. Alimwambia kwamba muuguzi anamngoja, wataanza tena pale walipofikia, na kwamba hiyo ni njia, na njia ina mashimo. Kisha akamletea Tonton cherehani yake, eti mkanda wake umelegea.

Ikawa desturi yao. Yeye ameketi kwenye kigoda, Tonton amekunja magoti mbele ya cherehani, mimi kando nakaanga. Mkanda ule ulilegea kwa namna ya ajabu, kila wiki. Na siku moja, bila kubadilisha sauti, kama mtu anayeuliza bei ya uzi, Mama Zaina akasema:

"Lofemba, siku ile ulikuwa umemushika nani?"

Mwiko ulinikaukia mkononi. Hilo ndilo swali ambalo watu wote wa Yanonge hawakuthubutu kuliuliza. Nilitazama sakafu. Nakumbuka vizuri jinsi nilivyoitazama, pembe kwa pembe, nikingoja maji.

Tonton aliukaza mkanda, akaulegeza, akaukaza tena, mpaka mikate yangu ikaungua.

"Dada yangu," akasema. "Nilimushika mukono. Bidoni ilikuwa ya kwake yeye. Akanisukumia. Nikamurudishia. Akanisukumia tena." Alipumua. "Akasema neno moja tu. Batoto. Akaachia."

Mama Zaina hakusema pole. Alisogeza kigoda karibu, akaweka mkono juu ya mgongo wake, na Tonton akalia kama sijawahi kusikia mwanaume analia, mdomo wazi, bila kujificha. Nilitazama sakafu tena. Ilikuwa kavu. Nikajua siku hiyo kwamba mto hauji kwa kuulizwa. Kwa mara ya kwanza Tonton aliomba chakula yeye mwenyewe, akala mikate iliyoungua, yote.

Papa Mukubwa alirudi na mpunga mpya kama alivyoahidi. Alifika jua likiwa kali. Tonton alikuwa barabarani mbele ya nyumba, gurudumu la toleka limegeuzwa juu chini mbele yake, anapitisha spoki. Papa Mukubwa hakumsalimu kwanza. Alisimama nyuma yake akitazama mikono. Spoki iliingia. Nyingine ikaingia. Tonton alizungusha gurudumu, nalo likazunguka bila kuyumba hata kidogo.

Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Papa Mukubwa aliliona, na uso wake ukabadilika.

"Lofemba. Jasho hiyo."

Kabla Tonton hajageuka, Neema alikuwa amekwisha kufika. Alipitisha kidole, akakilamba mbele ya mkubwa wake kwa makini, kama mwanamke anayeonja mchuzi.

"Iko na chumvi," akamwambia Papa Mukubwa. "Ni jasho ya kazi. Mto haina chumvi. Mie nilisemaka toka zamani."

Papa Mukubwa alicheka. Alianza kidogo, kisha akashika ubavu. Tonton akacheka, na yule dereva wa toleka aliyekuwa anangoja baiskeli yake akacheka bila kujua anacheka nini. Papa Mukubwa alipomaliza kujifuta macho aliingia ndani. Nilimsikia aking'oa mfuko kwenye msumari. Alitoka nao, akaukung'uta vumbi, akanifungulia mdomo wa mfuko mbele ya karai.

"Safari ya Yahuma iko ndefu," akasema. "Tia mikate humu."

Niliujaza mpaka juu, kusibaki nafasi ya shati la mtu.